Haki ya Mlinda Lango

Katika michezo yote ichezwayo na vijana wetu, hakuna mtu anayefundishwa kidogo na kulaumiwa sana kama mlinda lango wa timu ndogo. Wenzake kumi wakikosea, makosa yao humezwa na mchezo na kusahauliwa kabla vumbi halijatua. Yeye akikosea mara moja, kosa lake huhesabiwa, hutangazwa, na kila apitaye njiani akiuliza matokeo huambiwa habari zake. Nakusudia kumtetea mtu huyu. Simtetei yule wa timu ya taifa, ambaye ana daktari wake na waandishi wa magazeti. Namtetea yule wa ligi za chini, achezaye Jumapili katika viwanja vya mchanga na changarawe vya Changamwe, Chaani, Mikindani na Magongo, ambaye jina lake halivuki Makupa kuingia kisiwani.

Dai langu ni fupi. Twamwita mlinda lango shujaa kwa sababu sifa haina gharama. Lau tungemwita fundi, ingetubidi kumfundisha. Lau tungemwita mfanyakazi, ingetubidi kumlipa. Lau tungemwita mtoto wa watu, ingetubidi kumtibu aumiapo. Basi tumelichagua jina moja lisilotudai kitu, tukampa hilo, na tukaona tumemtendea wema.

Ubaya huu huanzia shuleni, na kwa kuwa mimi ni mwalimu, ni haki nianze na nyumba yetu. Watazame watoto wakigawana timu wakati wa mapumziko. Vinara wawili husimama mbele, kila mmoja akachagua amtakaye: kwanza mwenye mbio, kisha mwenye chenga, kisha mwenye mguu mzito, kisha rafiki, kisha mwenye mpira, maana asipochaguliwa ataondoka nao. Abakiye mwisho, awe mnene au mpole au mgeni wa darasa, huambiwa, "Wewe kaa goli." Hakuulizwa rai yake. Akifungwa hutukanwa na wale wale waliomweka pale. Akizuia, husemwa kuwa mpira ulimgonga tu. Hivyo mtoto hujifunza, kabla hajatimia miaka kumi, kwamba langoni ni mahali pa adhabu.

Nasi hatuna haki ya kuwakaripia watoto hao, kwa kuwa walimu wa michezo walio wengi wafanya yayo hayo, ila wao wana filimbi shingoni. Saa ya mazoezi ikifika, wachezaji kumi hukimbia, hupasiana, hufundishwa namna ya kukaba na kufungua nafasi. Mlinda lango huachwa chini ya mwamba peke yake mpaka robo saa ya mwisho, ndipo wote hupanga foleni wakampigia mipira kwa zamu, kila mmoja kwa nguvu zake zote, wakicheka. Hayo ndiyo yaitwayo mazoezi ya kipa. Kumpigia mtu mipira si kumfundisha, kama vile kumtupa mtu baharini si kumfundisha kuogelea.

Kwani kazi ile ina elimu yake. Lango ni mita 7.32 kwa upana na mita 2.44 kwa kimo, na hakuna mwanadamu awezaye kulijaza kwa mwili wake. Kwa hiyo mlinda lango mwenye akili hulipunguza: hutoka mbele hatua mbili tatu kumwendea mpigaji, na kwa kutoka kwake pembe hupungua, mpigaji akaona nafasi ndogo pale alipotazamia kuona kubwa. Mwalimu wa jiometri angeweza kulieleza jambo hili ubaoni kwa mistari mitatu. Yampasa pia kujua kuanguka: aanguke kwa ubavu na bega, asianguke kwa kiwiko wala kwa nyonga, maana aangukaye kwa kiwiko katika changarawe hatacheza mwezi ujao. Yampasa kuweka vidole gumba vyote viwili nyuma ya mpira, kuuelekeza mwili wake nyuma ya mikono, na kusema na mabeki wake mchezo mzima, kwani yeye peke yake ndiye auonaye uwanja wote. Penalti hupigwa kutoka mita 11. Mpira ukienda kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, humfikia katika muda wa sehemu nne za kumi za sekunde moja. Mtu anayesubiri auone mpira ndipo aruke amekwisha kufungwa. Hana budi kusoma mguu, nyonga na macho ya mpigaji kabla mpira haujatoka. Nani katika shule zetu amefundishwa kusoma hivyo?

Tena kazi hii hukomaa polepole, nasi hatuna subira nayo. Lev Yashin wa Urusi, ambaye mwaka 1963 alipewa Mpira wa Dhahabu wa Ulaya, na ambaye hata leo ndiye mlinda lango pekee aliyewahi kuupata, alianza vibaya mno. Mwaka 1950, katika siku zake za kwanza na timu ya Dynamo ya Moscow, alifungwa bao kwa mpira mrefu uliopigwa na mlinda lango wa upande wa pili. Akarudishwa katika timu ya akiba akakaa huko miaka. Wakati ule wa kungoja alilinda lango katika mchezo mwingine, ule wa magongo uchezwao juu ya barafu, na mwaka 1953 akatwaa pamoja na Dynamo Kombe la nchi yao katika mchezo huo. Kijana wa Changamwe akifungwa bao la namna ile ya kwanza, Jumapili ya pili haitwi. Hata namba ya simu yake hufutwa.

Juu ya lawama sina haja ya kusema mengi, kwa sababu kila mtu amezisikia. Yatosha kumkumbuka Moacir Barbosa wa Brazil. Tarehe 16 Julai 1950, katika uwanja wa Maracanã, Brazil ilifungwa na Uruguay mabao 2 kwa 1 na kukosa Kombe la Dunia. Bao la pili lilipita kati ya Barbosa na mlingoti wake wa karibu. Washambuliaji wa Brazil walipata bao moja tu siku ile, na beki aliyepitwa alipitwa. Lakini mzigo wote ulitwishwa Barbosa, akaubeba mpaka alipofariki mwaka 2000. Hapo kwetu hatuna Maracanã, ila tuna midomo. Kipa akifungwa bao jepesi, hakuna asemaye kwamba jua lilikuwa machoni mwake au kwamba mpira uligonga jiwe ukabadili njia. Husemwa, "Ameuza mechi." Neno hilo la mwisho nitalirudia.

Nitoe mfano wa karibu. Wadi yetu ya Airport imepata jina kwa Uwanja wa Ndege wa Moi, ulioitwa zamani uwanja wa Port Reitz. Ndege hushuka juu ya nyumba zetu zikileta watalii, na chini ya mbawa zake vijana hutafuta vibarua: kupakia na kupakua malori, kulinda magodauni, kuosha magari, kubeba matofali. Miongoni mwao namfahamu mlinda lango mmoja. Jina lake silitaji, kwa kuwa hakunituma. Alianza kulinda lango akiwa na miaka kumi na saba, na sasa ana ishirini na sita. Katika miaka hiyo tisa amezichezea timu nne, zote za ligi za kaunti na za mkoa, na hakuna hata moja iliyomwandikia mkataba. Malipo yake yalikuwa nauli ya matatu na soda, na timu iliposhinda, shilingi 200. Glavu zake alizinunua mitumbani Kongowea, na zilipotatuka alizipeleka kwa fundi viatu akazishona kwa uzi wa njumu. Hufanya kazi ya kupakia malori usiku; Jumapili hutoka kazini alfajiri, hulala saa tatu, kisha huenda uwanjani.

Siku moja, katika mchezo ambao hata kombe halikuwapo, mshambuliaji alivunja ngome akabaki yeye na mlinda lango. Kijana huyu alitoka vizuri kama ipasavyo, akajitupa miguuni pa mwenziwe akaukumbatia mpira, na goti la yule mwingine likampiga penye kipaji cha uso. Alilala bila kufahamu kitu. Wakammwagia maji. Alipofumbua macho waliinua mikono yake juu, uwanja mzima ukapiga makofi, na mtu mmoja akapiga kelele, "Simba! Simba!" Akarudishwa langoni akamaliza dakika ishirini zilizobaki. Usiku ule alitapika mpaka mama yake akaita bodaboda wakaenda hospitali. Kwa muda wa siku tatu hakuweza kutazama mwanga. Gharama zote zililipwa kwa mchango wa jamaa na majirani. Kutoka katika timu hakwenda mtu, na Jumapili iliyofuata mtoto mwingine alisimama katika lango lile, amevaa fulana ile ile. Timu ile siitaji wala haina haja ya kutajwa, kwa sababu tabia yake haitofautiani na ya wengine.

Msomaji, nakuomba uyafikiri yale makofi. Waliopiga makofi hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakifanya kama watu wafanyavyo duniani kote. Uingereza husimuliwa mpaka leo habari za Bert Trautmann, aliyekuwa mateka wa vita Mjerumani, akawa mlinda lango wa Manchester City. Katika fainali ya Kombe la FA tarehe 5 Mei 1956 aligongwa zikiwa zimebaki dakika kama kumi na saba, akaendelea kucheza mpaka mwisho, timu yake ikashinda mabao 3 kwa 1. Siku chache baadaye ikaonekana kwamba mfupa wa shingo yake ulikuwa umevunjika. Hadithi hii hupendwa sana. Mimi siipendi. Trautmann aliponea chupuchupu, na mtu aliyeponea chupuchupu si kielelezo cha kufuatwa. John Thomson wa Celtic, kijana wa miaka 22, alijitupa vivyo hivyo miguuni pa mshambuliaji wa Rangers huko Glasgow tarehe 5 Septemba 1931, naye akafariki usiku ule ule. Wasimulizi wa ushujaa humtaja Trautmann mara kumi, Thomson mara moja.

Siku za Trautmann palikuwa na udhuru: sheria ya mchezo haikuruhusu kumbadili mchezaji aliyeumia. Udhuru huo umekwisha zamani. Sheria za leo zaruhusu wachezaji wa kubadili, na tangu mwaka 2021 zimefunguliwa njia za kumtoa mtu aliyeumia kichwa bila timu yake kupoteza nafasi ya kubadili. Anayemrudisha langoni kijana aliyezimia hawezi kusema kwamba sheria imemfunga mikono. Amemrudisha kwa sababu hakumwandaa kipa wa pili, na hakumwandaa kwa sababu glavu ni jozi moja.

Mchezo ule wa barafuni unatupa fundisho bora zaidi, ingawa kwa mtu wa pwani waonekana kama hadithi ya mbinguni. (Wanafunzi wangu hucheka nikiutaja, wakidhani nasema juu ya mtaa wa Magongo.) Wachezaji huvaa viatu vya chuma chembamba, wakapiga kwa magongo kisahani cha mpira mgumu kilichogandishwa, chenye uzito wa gramu kama 170, nacho huruka kama jiwe la kombeo. Lango lao ni dogo, futi sita kwa nne, na mlinda lango hulijaza kwa mapedi makubwa. Lakini kwa miaka mingi walinda lango wa ligi kuu ya Marekani na Kanada walisimama mbele ya kisahani hicho nyuso zao zikiwa wazi! Jacques Plante wa Montreal alitaka kuvaa kinyago katika mechi; kocha wake akakataa. Tarehe 1 Novemba 1959, mjini New York, kisahani kilimpasua uso. Akashonwa, naye akasema hatarudi barafuni ila kwa kinyago. Wakati ule timu ilisafiri na mlinda lango mmoja tu, hivyo kocha hakuwa na la kufanya. Plante alirudi amevaa kinyago, Montreal ikashinda mabao 3 kwa 1, na msimu ule ikatwaa kombe. Tazama jambo lilivyo: uso wa Plante haukuokolewa na huruma ya wakubwa wake. Uliokolewa kwa sababu alikataa, na kwa sababu siku ile hapakuwa na mtoto mwingine wa kumvalisha fulana yake.

Hapo ndipo udhaifu wa kijana wetu ulipo. Yeye hawezi kukataa. Nyuma yake wapo kumi wanaongoja, nao hawajui wanachokingoja.

Twaweza kuambiwa kwamba kofia na vinyago ni vya woga. Petr Čech, mlinda lango wa Chelsea, alivunjika fuvu tarehe 14 Oktoba 2006 katika mchezo na Reading. Alifanyiwa upasuaji, akarudi uwanjani mwaka uliofuata amevaa kofia laini kama ya wacheza raga, akaivaa mpaka alipostaafu mwaka 2019. Akiwa na kofia ile alitwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 2012. Nani atamwita mwoga?

Na huyu Čech namtaja kwa sababu ya pili. Alipoacha kandanda hakukaa kitako kuhesabu fedha zake. Mwaka ule ule wa 2019 alijiunga na timu ya Guildford Phoenix kuwa mlinda lango katika mchezo wa barafuni, katika ligi ya chini kabisa kwa mtu wa sifa zake, na katika mechi yake ya kwanza alizuia penalti. Baadaye akazichezea timu nyingine za namna hiyo. Bingwa wa Ulaya hakuona haya kuvaa fulana ya ligi ndogo. Najua jibu litakalokuja: Čech alikuwa amekwisha shiba. Ni kweli, nami silifichi. Ligi ndogo ni burudani kwa aliyeshiba, na kwa mwenye njaa ni utumwa usio na mnyororo. Lakini jibu hilo lanisaidia mimi kuliko wapinzani wangu, kwa kuwa lakiri kwamba kasoro haimo katika udogo wa ligi. Kasoro imo katika masharti anayochezea mtu humo.

Masharti yenyewe ni yapi? Kwa kanuni za Shirikisho la Kandanda Duniani, mchezaji wa kulipwa ni yule aliye na mkataba wa maandishi na anayepewa zaidi ya gharama anazotumia kwa ajili ya mchezo. Asiye hivyo huitwa mchezaji wa ridhaa. Neno zuri lilioje! Ridhaa ni kutaka kwa moyo. Lakini ridhaa ya mtu asiyeelezwa hatari ni ridhaa gani? Kenya ina Sheria ya Fidia kwa Madhara Kazini tangu mwaka 2007, nayo humwangalia mwajiriwa aumiapo akiwa kazini. Kijana wetu akidondokewa na gunia usiku, yamkini sheria itamtazama. Akipigwa goti Jumapili, viongozi wa timu watasema hawakumwajiri, alikuja mwenyewe. Na hiyo ni timu ambayo kwa mwaka mzima imemwambia saa ya kufika, nguo ya kuvaa, mahali pa kusimama, na kumtoza faini akichelewa.

Sasa nalirudia lile neno, "Ameuza mechi." Mwezi wa Februari 2020 Shirikisho la Kandanda Duniani liliwaadhibu wachezaji wanne kwa kupanga matokeo ya michezo ya Ligi Kuu ya Kenya, mmoja akafungiwa maisha, watatu miaka minne kila mmoja. Hiyo ni Ligi Kuu, ambayo mwaka 2019 iliachwa na mfadhili wake, na wachezaji wa timu kadhaa wakakaa miezi bila mishahara. Ikiwa tamaa hupita mlango mkubwa hivyo, je, vichochoro? Siwatetei wauzao michezo. Mwizi ni mwizi, na mwenye njaa pia ameamriwa asiibe. Lakini kuna unafiki katika kumweka mtu mmoja mahali ambapo kosa lake moja ndilo matokeo, kumlipa soda, kisha kushangaa kwamba wenye fedha chafu humwendea yeye kwanza. Na kuna dhuluma iliyo kubwa zaidi: wale wasiouza, ambao ndio wengi, huitwa wauzaji kila wanapoteleza.

Wapinzani wangu wana hoja moja wanayoipenda. Husema, "Mwenye kipaji atatoka tu. Mahmoud Abbas alitoka Mombasa." Naam, alitoka, nasi twajivunia. Alilinda lango la Kenya katika miaka ya 1981, 1982 na 1983, tulipotwaa Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo, mara ya pili kwa penalti dhidi ya Uganda mjini Kampala, na watu wakamwita "Kenya One". Twaweza kuwaongezea mwingine: Farouk Shikalo alitoka Bandari ya hapa hapa akaenda Yanga ya Dar es Salaam mwaka 2019. Basi tuna wawili. Kati yao ni zaidi ya miaka thelathini. Katika miaka hiyo ni vijana wangapi wamesimama katika malango ya Changamwe, Kisauni na Likoni, wengine wakiwa na mikono mizuri kuliko tuliyoiona kwenye televisheni, wakaacha kwa bega lililoteguka na halikupata daktari? Mvuvi aliyepata samaki wawili katika jarife lililotoboka asituambie kwamba jarife ni zima.

Tena hoja hiyo ina kosa la ndani. Yadhani kwamba kazi ya ligi ndogo ni kutoa watu wa ligi kubwa, na asiyetoka amepoteza wakati wake. Sikubali. Mwalimu wa darasa la kwanza hajapoteza maisha yake kwa kuwa hakuwa waziri. Mtu aliyelinda lango la mtaa wake miaka tisa, akawafurahisha majirani zake Jumapili mia mbili, ametimiza kazi iliyo kamili, nayo ina haki zake zenyewe. Mjini Toronto, tarehe 22 Februari 2020, walinda lango wote wawili wa Carolina Hurricanes waliumia katika mchezo mmoja wa magongo ya barafuni. Kanuni ya ligi yao ilitaka kila uwanja uwe na mlinda lango wa dharura, naye siku ile alikuwa David Ayres, mtu wa miaka 42, mwendesha mashine ya kusawazisha barafu, aliyekuwa akiishi kwa figo aliyopewa na mama yake. Maisha yake ya langoni yalikuwa ya timu ndogo na mazoezi. Aliingia akafungwa mabao mawili katika mipigo miwili ya kwanza. Hakuna aliyemtukana. Wenzake walimjia wakamwambia afurahie mchezo, naye akazuia mipigo yote minane iliyofuata, wakashinda 6 kwa 3. Wengi husimulia hilo kama muujiza. Mimi naona kanuni. Mtu fulani, mbele ya meza, aliandika zamani kwamba mlinda lango wa ligi ndogo awe na kiti chake uwanjani, vifaa vyake, na daktari karibu. Hata hapa Kenya mchezo huo umefika: kiwanja cha barafu kilifunguliwa mwaka 2005 katika hoteli iliyo kando ya Barabara ya Mombasa mjini Nairobi, na mwaka 2018 vijana waliokuwa wakicheza hapo walialikwa Kanada. Wapatao barafu katika nchi ya jua hawashindwi kupata bandeji.

Imebaki hoja ya fedha. Husemwa hazipo. Nami nimeyaona mashindano yaandaliwayo karibu na uchaguzi, ambapo mgombea huleta kombe refu kama mtoto wa miaka mitano, jezi mpya zenye picha yake kifuani, hema, viti, vipaza sauti na mwimbaji. Katika orodha ya vitu hivyo sijaona machela. Sijaona glavu jozi ya pili. Sijaona daftari ambamo limeandikwa jina la mchezaji na simu ya mzazi wake. Gharama ya vipaza sauti vya siku moja ingetosha kumleta mtu wa huduma ya kwanza msimu mzima, na karatasi ya mkataba ni karatasi moja.

Kwa hiyo nawasemesha ninyi mnaosoma kitabu hiki darasani, kwa sababu miongoni mwenu wamo watakaokuwa makatibu na waweka hazina wa timu hizi kabla ya kuwa jambo lingine lolote. Ndiyo kazi ya kwanza wapewayo wajuao kuandika. Mtakapoletewa orodha ya matumizi, mstari wa kwanza uandikeni wa mlinda lango: glavu, mwalimu wake, daktari wake, mwenzake wa akiba. Ndipo muendelee na mistari ya jezi. Na mwenyekiti akiuliza ni nani aliyegeuza mpangilio wa kila mwaka, mwonyesheni uwanja wa changarawe, mkamwombe aanguke mara moja kwa ubavu wake.